Fahali Aliyepigishwa Magoti

Mzee Mukhisa alikuwa na sharti moja kwa kila aliyekuja kumsikiliza: maneno yake yasikiwe juani, kwenye uwanja wa matanga, na yabaki palepale. Hakuna aliyeruhusiwa kuyarudia jikoni, wala kuyaimba njiani, wala kuyatia kwenye karatasi. Mwanawe, Bramwel Wakhungu, alilijua sharti hilo kabla hajajua kusoma, na alipokuwa mtu mzima aliapa mbele ya baba yake kwamba atalishika. Kisha akalivunja. Hakulivunja kwa ulevi wala kwa chuki. Alilivunja kwa mapenzi, na wapo watu wanaodhani kwamba mapenzi yanamsafisha mvunja ahadi. Hayamsafishi.

Kwa Wabukusu, mzee wa heshima akishazikwa, ukoo hukusanyika siku ya kumuse. Watu huketi chini, jua likiwapiga utosini, wakiacha njia katikati. Ndani ya njia hiyo hupita mtu mmoja tu, aliyeirithi kazi hiyo kwa damu. Huvaa ngozi ya mbega na kofia iliyoshonewa kauri, mkononi ana fimbo, naye hutembea akienda na kurudi huku anasema. Husema ukoo ulikotoka, marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na walio hai waishi vipi. Akiwa anasema, hakuna anayeikata njia yake, hakuna anayeinuka, hakuna anayejibu. Mukhisa alikuwa mtu wa kazi hiyo. Kuanzia Mabanga mpaka Lwakhakha, mzee akifa watu waliuliza kwanza kama Mukhisa ana nguvu za kuja.

Bramwel hakuzaliwa na mdomo wa baba yake. Alizaliwa na vidole. Katika miaka ya ishirini wamisionari walimfundisha kusoma, kisha wakamweka kwenye chumba cha chapa, akajifunza kuokota herufi za risasi moja moja na kuzipanga kinyume, ili zikibanwa kwenye karatasi zisomeke sawa. Baadaye alikwenda Kitale kufanya kazi kwa Alwi, Mwislamu mmoja aliyekuwa na mtambo wa chapa wa kukanyagwa kwa mguu katika nyumba ya mabati karibu na msikiti. Walichapa matangazo ya mnada wa ng'ombe wa walowezi, kadi za harusi, kalenda na karatasi za kufungia siagi. Kazi ilipohitaji picha, Bramwel alichukua kipande cha ubao mgumu, akakilainisha, akachonga kwa patasi ndogo alizojitengenezea mwenyewe kwa spoku za baiskeli. Palipochongwa palibaki peupe. Palipoachwa palishika wino.

"Fundi," Alwi alimwambia siku moja, ameinua karatasi ya siagi ikiwa bado mbichi, "huyu ng'ombe wako nusura nimtilie majani."

"Usimpe majani, bwana. Atataka na maji."

Walicheka. Walikuwa wakielewana vizuri, na hilo lilikuja kuwa sehemu ya hasara.

Mrithi wa fimbo ya Mukhisa alikuwa kaka mkubwa wa Bramwel, Murunga. Tangu ujana Murunga alitembea nyuma ya baba yake kwenye matanga, akimbebea ngozi na kofia, akisikiliza. Vita vilipokuja aliandikishwa, akapelekwa Burma, na hakurudi. Mzee Mukhisa alipopata habari hakulia mbele ya watu. Ila tangu hapo alianza kukohoa, na kikohozi hakikumwachia.

Hapo ndipo hofu ilipomwingia Bramwel. Kila alipopanda lori kwenda nyumbani, karibu na Bungoma, alimkuta baba yake amepungua. Shingo ilikuwa imekonda, na kikombe alikishika kwa mikono miwili. Alihesabu kichwani maneno yote ya kumuse ambayo mzee yule alikuwa nayo: mto uliorudi nyuma, nyumba isiyo na mlango, fahali aliyefika mtoni. Aliona yote hayo yakishuka kaburini ndani ya kifua kimoja kibovu. Basi akamwomba.

"Papa, niruhusu niyaandike. Hata kidogo."

Mzee alikuwa anaota jua mbele ya nyumba. "Maneno ya kumuse hayakai nyumbani, Wakhungu." Hakuwahi kumwita Bramwel, jina hilo aliwaachia wazungu. "Ukiyaweka nyumbani na hakuna aliyekufa, unamwita atakayekufa."

"Na ukienda wewe, Papa? Murunga hayupo. Nani atasema?"

"Maneno yatamtafuta mtu wake. Yalinipata mimi, na mimi sikuyatafuta. Niahidi."

"Nini?"

"Kwamba hutayaandika. Niahidi sasa, nikiwa nakuona."

Bramwel akaahidi. Akaapa kwa jina la kaka yake.

Tatizo lake lilikuwa hili. Alikuwa amesoma, na sababu aliyopewa na baba yake aliiona ni ushirikina wa wazee. Karatasi haiui mtu. Yeye alikuwa ameishi na karatasi miaka yote na hakuona maiti. Akajiambia kwamba sharti lenye sababu dhaifu ni sharti dhaifu. Wengi wetu tuliopita shuleni tumeanguka kwenye shimo hilo. Mtu huweza kukupa sababu mbaya ya jambo la kweli kabisa, kwa vile ukweli wake ameuishi tu, hajawahi kuulizwa aueleze.

Mwaka huohuo alikufa mzee mmoja wa Misikhu, mtu mpole, aliyetumia maisha yake kupatanisha ndugu waliogombana. Mukhisa aliitwa. Bramwel aliketi juani pamoja na watu, akamsikia baba yake akisema: "Fahali alifika mtoni wa kwanza. Angeweza kuingia na kwato zake. Hakuingia. Alipiga magoti ukingoni, akanywa polepole, ili ndama walio chini wasinywe tope." Watu wote wa Misikhu walimwona marehemu wao katika fahali yule. Bramwel aliporudi Kitale, juu ya magunia ya mahindi kwenye lori, midomo yake ilikuwa inarudia maneno hayo yasimtoke.

Alianza na ubao. Alichonga fahali amepiga magoti, shingo imeinama, nundu imesimama kama kilima, na chini yake mistari ya maji safi, na chini ya maji vichwa vya ndama. Ilikuwa kazi nzuri. Walioiona wote walisema hivyo, na mimi siwapingi. Mkewe, Wilkista, aliikuta juu ya meza, akaiangalia muda mrefu huku akijifuta mikono kwenye leso.

"Baba Nakhungu, hii si maneno ya mzee?"

"Ni picha."

"Uliapa."

"Niliapa sitaandika. Hii ni kuchonga."

"Ehe," Wilkista alisema. "Ati Mungu ni karani wa korti, umtafutie kakosa kwa hati."

Bramwel akachukua ubao mwingine. Akachonga mto, akachonga nyumba, akachonga kingine na kingine, mpaka rafu ikajaa vibao. Lakini picha bila maneno zilikuwa kama nyumba bila watu. Akasogea hatua moja zaidi, kama mtu anavyosogea siku zote akishaanza: akapanga herufi chini ya kila picha. Na mwanzoni kabisa akaweka picha ya baba yake mwenyewe, amevaa kofia ya kauri, mdomo wazi, fimbo juu.

Alwi alizitazama karatasi za majaribio moja baada ya nyingine, miwani imemshuka puani.

"Hii, fundi, ndiyo kazi. Siagi na mnada ni kula tu. Baba yako ameridhia?"

"Ameridhia," alisema Bramwel.

"Kweli?"

"Kweli."

Alwi aliamini, maana mtu hadanganyi kuhusu baba yake. Akatoa karatasi nzuri aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya kadi za Idi, na wakachapa.

Kijitabu kilikwenda mbali kuliko walivyofikiri. Walimu walikichukua kufundishia watoto kusoma. Wafanyabiashara wa Lwakhakha walikivusha mpaka Uganda, kikiwa kimechanganywa na vitambaa na sabuni. Wanawake walizikata picha na kuzibandika ukutani kwa uji wa unga, na fahali aliyepiga magoti akaonekana katika nyumba nyingi kuliko kalenda ya kanisa. Kila mtu alidhani mzee ametoa idhini. Mzee mwenyewe hakuwa anasoma, na waliofika kwake hawakuona haja ya kumwambia jambo walilodhani analijua. Bramwel alikuwa na miezi kadhaa ya furaha. Aliamini amemwokoa baba yake.

Ndipo akafa Khaemba wa Mabanga.

Khaemba alikuwa mtu wa namna nyingine. Wakati wa kulazimishwa kazi ya barabara, yeye peke yake alikataa kuwatoa wanawe, akafungwa, akachapwa, akarudi nyumbani na mgongo wenye makovu, na mpaka kufa kwake hakuwahi kumwondolea kofia mtu aliyemchapa. Kumpa mtu huyo neno lake kulihitaji mtu kama Mukhisa, na Mukhisa alikuja, ingawa alikuwa anapumua kwa shida. Bramwel alikuwepo, ameketi nyuma pamoja na watu wa ukoo wake.

Mzee alitembea njia yake akienda na kurudi. Alisema ukoo wa Khaemba ulikotoka. Sauti ilipata joto, kikohozi kikakaa pembeni kama mbwa aliyefukuzwa. Kisha akafika mahali penyewe.

"Fahali alifika mtoni," alisema. "Akakuta mto umezungushiwa miiba. Wakamwambia, piga magoti upite chini, utakunywa. Fahali hakupiga magoti. Alisimama na kiu yake—"

"Alipiga, Mzee!"

Sauti ilitoka katikati ya watu. Tangu Mukhisa ashike fimbo, hakuna mtu aliyewahi kumjibu. Alisimama. Watu waligeuka.

"Si iko hapa?" Alikuwa kijana, mwalimu wa shule ya jirani, kijitabu kimefunguka juu ya goti lake. Hakuwa na ubaya. Alidhani anamsaidia mzee. "Alipiga magoti akakunywa, ndama wasikunywe tope. Picha hii hapa."

"Ni kweli," alisema mwingine. "Hata kwetu iko kwa ukuta."

"Lakini amesema hakupiga."

"Amesahau, bana."

"Mwacheni," alisema mwanamke mmoja kwa huruma, na huruma ile ilikuwa mbaya kuliko kicheko kilichofuata. "Ni uzee tu. Mwambieni polepole aanze tena."

Wana wa Khaemba hawakucheka. Walikuwa wametulia kama waliomwagiwa maji, maana sasa mbele ya watu wote baba yao aliyekataa kuinama alikuwa anapigishwa magoti juu ya kaburi lake, na waliompigisha walikuwa na ushahidi wa karatasi.

Mukhisa alinyoosha mkono. Wakampa kijitabu. Alimtazama fahali. Hakuna aliyejua, ila yeye, kwamba fahali yule hakuwa mmoja. Alikuwa na fahali kwa kila mtu aliyemzika: mpole alipata wa kupiga magoti, mkaidi alipata wa kusimama, mchoyo alipata aliyekunywa mto wote ukakauka. Mto ulikuwa uleule, na watu waliosikia mara moja moja katika maisha yao walidhani na fahali ni yuleyule. Hata mwanawe alidhani hivyo. Akafunua ukurasa wa mwanzo, akajiona yeye mwenyewe, mdomo wazi.

"Nani amechonga?"

Macho yao yalikwenda nyuma, yakatua kwa Bramwel.

Mzee alitazama macho hayo yalikokwenda. Akavua kofia ya kauri. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: aliikata njia yake mwenyewe. Alipita kati ya watu walioketi, akiwagusa mabega ili wampishe, akatoka uwanjani, na maneno ya Khaemba yakabaki yamekatika katikati.

Bramwel alimkuta nyumbani, ameketi kitandani na viatu vyake vya vumbi.

"Papa, nilitaka yasipotee."

"Ulimsikia yule mwanamke?"

"Papa, nisamehe. Nitavikusanya vyote."

"Kusanya. Na macho yao utayakusanya? Nikifungua mdomo sasa, watakuwa wanaangalia nimekosea wapi." Alikohoa mpaka akaushika ubao wa kitanda. "Mimi sijui kusoma, Wakhungu. Umenishindanisha na mtu ambaye hakosei."

"Mtu gani, Papa?"

"Yule uliyemchonga. Mdomo wake uko wazi siku zote na hachoki."

Kuanzia siku ile Bramwel alikuwa kama mtu anayeteka maji kwa ungo. Alikwenda nyumba kwa nyumba akiomba kijitabu. Wengine walimpa. Wengine walisema wamekipeleka kwa shemeji, kwa mjomba, ng'ambo. Wengine walikataa: chao ni chao. Kisha akafanya kosa la pili, ambalo mtu aliyekata tamaa huliona kama hekima. Alichonga ubao mwingine, fahali amesimama, akachapa karatasi moja moja na kuzipeleka soko la Misikhu ili watu wabandike juu ya ile ya kwanza. Karatasi ilikuwa na maneno ya Khaemba, kadiri alivyoyakumbuka.

"Ati sasa amesimama?" muuza chumvi alimwuliza, akiigeuza karatasi. "Si juzi alipiga magoti?"

"Wote wawili ni wa kweli, mama."

"Aa. Na kesho utaleta amelala?" Wenzake walikufa kwa kicheko. "Fahali wako anataka daktari, mwana wa Mukhisa, si kitabu."

Kabla ya jioni soko zima lilikuwa limegawanyika juu ya fahali yupi ni wa kweli, na wengi walisema mzee amechanganyikiwa na mwanawe anamfunika aibu. Karatasi iliyotaka kumrudishia Mukhisa heshima ndiyo iliyommalizia.

Bramwel alirudi Kitale, akabeba vibao vyote nyuma ya nyumba ya chapa, akavimwagia mafuta ya taa ya kuoshea herufi, akavichoma. Alwi alitoka akasimama karibu na moto.

"Uliniambia ameridhia."

"Nilikuambia."

"Karatasi yangu ya Idi ilibeba uongo." Alwi hakupandisha sauti. "Sikufukuzi kwa hasira, fundi. Lakini kila utakaponipa neno nitakuwa naliuliza kama ni kweli, na mimi sitaki kufanya kazi na mtu ninayemuuliza. Chukua patasi zako."

Akarudi shambani kwa baba yake, karibu na Bungoma, na Wilkista na watoto. Alilima. Aliketi na mzee kila siku. Walizungumza mvua, walizungumza ng'ombe, walizungumza mguu wa Wilkista uliokuwa unauma. Mzee hakumfukuza, hakumlaani, alikula chakula chake. Ila Bramwel alipojaribu kuliingiza neno moja tu, mto, au nyumba, mzee aliangalia upande mwingine, akimngojea amalize.

Watu walikuja bado kumwita. Walitoka Misikhu, walitoka Lwakhakha, wakavua kofia mlangoni.

"Mzee, tumefiwa. Tunakuomba."

"Someni kitabu," alisema Mukhisa.

Wengine walidhani anatania, wakangoja. Na hatimaye wakasoma. Bramwel mwenyewe alikwenda kwenye matanga fulani akamwona mwalimu mmoja amesimama katikati ya njia, bila ngozi wala fimbo, kijitabu mkononi, akisoma habari za fahali aliyepiga magoti juu ya kaburi la mtu mbishi aliyejulikana kwa kupiga wake zake. Watu waliketi kimya, wakaridhika. Bramwel aliondoka kabla ya mwisho.

Miaka ikaenda hivyo. Hakuna kijana aliyekuja kutembea nyuma ya mzee. Hapakuwa na cha kusikiliza.

Mzee Mukhisa alikufa katika mwaka wa mvua nyingi, katikati ya miaka ya hamsini. Walipomaliza kumzika Bramwel alikwenda Lwakhakha kwa miguu kumtafuta mzee wa huko, wa damu ileile ya kusema, aliyewahi kuwa rafiki wa baba yake. Alimkuta anatengeneza zizi.

"Baba, nimekuja kukuomba uje umsemee rafiki yako."

"Nilisikia amekwenda. Pole." Mzee hakuacha kufunga kamba. "Siji."

"Nilichoma vibao vyote, baba. Sina hata patasi."

"Wewe hauna. Na watakaoketi pale, nitajuaje wamebeba nini? Niseme ya Mukhisa, halafu mwezi ujao niyakute kwa ukuta ya mtu?"

"Nitawapekua mlangoni. Nitapiga magoti mbele ya kila mmoja."

Mzee wa Lwakhakha alimtazama kwa mara ya kwanza. "Nilimpenda sana baba yako," alisema. "Ndiyo maana siji."

Siku ya kumuse ilipofika, watu walikuja wengi kuliko Bramwel alivyotegemea. Waliketi juani wakaacha njia katikati, kama desturi. Wengi wao walikuwa na mtu ambaye Mukhisa alimsemea. Njia ilikaa wazi. Jua likapanda. Mwalimu yule wa Mabanga aliinuka hatimaye, kwa heshima, kijitabu kifuani.

"Basi nisome, Bramwel? Ni maneno yake mwenyewe."

"Hapana."

"Tusimwache hivi."

"Kaa chini, mwalimu," alisema Bramwel, na machozi yalimtoka mbele ya watu. "Nakuomba. Kaa chini."

Mwalimu akaketi. Hakuna mwingine aliyesimama. Bramwel aliitazama njia ile tupu, na mdomo wake ulifunguka mara moja, na hakuna kilichotoka, kwa kuwa mdomo wa kusema hakupewa. Mchana ulipogeuka, wazee wa mbele waliinuka wakajipangusa vumbi, kisha wanawake, kisha wote.

Mukhisa aliwasemea wafu wa nchi ile tangu ujana wake, na yeye akazikwa bila mtu wa kumsemea; na maneno yaliyokuwa ndani yake, ambayo hayakuwa yamefika bado kwenye kijitabu, yalikwenda naye yote. Hiyo ndiyo gharama. Mwana alivunja ahadi, na baba ndiye aliyelipa.